Tulichokiweza Ramadhani, Tukiweze na Shawwali

Bismillahi Rahmani Rahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka jana, baada ya Idi, nilipimwa damu hapa Uingereza. Kipimo cha wastani wa sukari kilikuwa 46. Kwa hesabu ya madaktari wa hapa, 42 hadi 47 ni onyo, na 48 ni kisukari. Nami nilikuwa nimetoka kufunga mwezi mzima! Kumbe mchana nilijizuia, usiku nikajilipiza: kaimati, sambusa, tambi za sukari, chai ya vijiko vitatu.

Kisukari cha aina ya pili aghalabu hakianzi kwa maumivu. Huja kimya, kikaharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Na huku ughaibuni watoto wametawanyika. Nani atampandisha mzee ngazi?

Mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa una haki juu yetu, na kwamba theluthi ya tumbo yatosha kwa chakula.

Basi anayeacha maji tangu alfajiri hadi magharibi kwa ajili ya Mola wake, atashindwaje kuacha kijiko cha sukari? Ramadhani imetuthibitishia kuwa mazoea huvunjika.

Mimi nilianza kwa machache. Nafuturu kwa tende tatu na maji, naswali Magharibi, kisha nala sahani moja. Chai nanywa bila sukari. Kila siku natembea nusu saa. Kipimo cha mwezi uliopita kilikuwa 41. Alhamdulillahi.

Nawausieni mambo matatu. Walio kati ya miaka 40 na 74 ambao hawajapatikana na maradhi haya huitwa kupimwa bure kila baada ya miaka 5. Barua ikija, tuitikie. Mwenye kisukari azungumze na daktari kabla ya kufunga. Ruhusa ya mgonjwa ni rehema, si unyonge. Na tukialikana futari, mgeni akikataa kaimati, tusimlazimishe.

Mwenyezi Mungu atujaalie uzee wenye afya, na magoti ya kusujudia hadi mwisho wetu. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.