Mafua ya Mlipuko kwa Wagonjwa Wenye VVU Waliolazwa: Somo la Mwaka 2009



Mtu anayeishi na VVU akilazwa anakohoa, fikra zetu hukimbilia kifua kikuu. Si kosa, fikra hiyo imeokoa wengi. Ila ikituziba macho, mgonjwa anaweza kufa kwa ugonjwa mwingine huku tukisubiri majibu ya makohozi. Hoja yangu ni kwamba wakati wa mlipuko mafua yawe miongoni mwa magonjwa ya kwanza kushukiwa, na dawa yake isisubiri maabara.

Yaliyotokea Afrika Kusini

Virusi vipya vya H1N1, ambavyo wengi tuliviita mafua ya nguruwe, vilitambuliwa Mexico na Marekani Aprili 2009. Tarehe 11 Juni Shirika la Afya Duniani likatangaza kuwa ni janga la dunia. Afrika Kusini, nchi yenye watu wengi zaidi duniani wanaoishi na VVU, ilivipokea katika majira yake ya baridi. Katika vifo 91 vya kwanza vilivyochunguzwa, hali ya VVU ilijulikana kwa marehemu 32 tu. Kati ya hao, 17 walikuwa na maambukizi. Wajawazito nao walikuwa wengi.

Wakati huo, kwa kawaida mtu mzima nchini humo alianzishiwa ARV CD4 zikishashuka chini ya 200. Hospitali za Ulaya, ambako wengi walikuwa tayari kwenye dawa na kinga zao zimepanda, ziliona picha nyingine: wenye VVU waliolazwa kwa H1N1 hawakuzidiwa zaidi kuliko wagonjwa wengine. Tofauti hiyo inatuambia tuulize kinga imebaki kiasi gani, tusiishie kuuliza kama ana VVU.

Kitandani kwa mgonjwa

Homa, kikohozi na kuhema kwa shida ni dalili za mafua, za nimonia ya bakteria, za PCP (nimonia ya Pneumocystis) na za kifua kikuu. Tena magonjwa hayo huja wawiliwawili, kwani mafua hujeruhi njia ya hewa na bakteria hupata mlango. Kwa hiyo kupata jibu moja kusitufanye tuache kutafuta la pili.

Dawa ya mafua ni oseltamiviri; miligramu 75 mara mbili kwa siku kwa siku 5 ndiyo dozi ya kawaida ya mtu mzima. Hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 48 tangu dalili zianze, lakini aliyelazwa apewe hata akichelewa. Haigombani na ARV, wala ARV na septrini zisikatishwe kwa sababu yake. Mwenye kinga ndogo huweza kutoa virusi kwa siku nyingi. Homa kushuka si ruhusa ya kumrudisha katikati ya wodi.

Mapendekezo

1. Kila anayelazwa kwa nimonia kali ashauriwe kupima VVU.
2. Akishukiwa mafua, aanze dawa siku hiyohiyo.
3. Atengwe na wenye kifua kikuu, wote wavae barakoa.
4. Chanjo ya mafua ya virusi vilivyouawa ipatikanapo, mwenye VVU apewe. Utafiti wa Afrika Kusini wa 2008 ulionyesha kuwa iliwakinga watu wazima wenye VVU kwa takriban robo tatu.

Nimalizie na wale 59 ambao hali yao haikujulikana. Hatuwezi kusema VVU viliwaua, wala kwamba havikuwaua. Pendekezo la kwanza ni kwa ajili ya watu kama wao: jibu liingie kwenye faili mgonjwa akiwa bado anahema.