Anthropolojia katika Chuo cha Jamii Kabla ya Kuhamia Chuo Kikuu



Madhali nimepewa idhini ya kusema juu ya anthropolojia kama inavyosomeshwa katika vyuo vya jamii vya California, napenda kwanza kuikanusha dhana iliyoenea, kwamba miaka miwili ya chuo cha jamii ni baraza ya kungojea tu, ambamo kijana asiyeweza ada kubwa huketi mpaka mlango wa elimu ya kweli umfungukie. Mpango Mkuu wa Elimu ya Juu wa mwaka 1960 haukuwa na muradi huo. Uliigawa kazi baina ya Chuo Kikuu cha California, vyuo vikuu vya jimbo, na vyuo vya jamii vinavyompokea kila awezaye kunufaika na mafunzo, ukaacha njia ya kuvuka kutoka hivi vya mwisho hadi mwaka wa tatu wa vile vya juu.

Kwa upande wa anthropolojia yenyewe, Franz Boas, aliyeisimamisha taaluma hii katika Chuo Kikuu cha Columbia, alitaka mwili, lugha, mila na masalio ya kale yatazamwe pamoja, na mwanafunzi wake Alfred Kroeber akaichukua njia hiyo mpaka Berkeley mwaka 1901. Athari ya njia hiyo ingali dhahiri katika masomo ya chuo cha jamii. Katika anthropolojia ya maumbile mwanafunzi hushika mfano wa fuvu kama lile la zamadamu Zinjanthropus, lililovumbuliwa na Mary Leakey huko Olduvai mwaka 1959, na kila nikumbukapo kuwa ardhi ya Tanganyika ni ustadhi wa madarasa ya mbali kiasi hicho, moyo wangu hufurahi. Katika anthropolojia ya utamaduni husomwa aghalabu makala ya Horace Miner ya mwaka 1956 juu ya Wanacirema, watu wenye ibada za kutisha za kinywa, naye msomaji hustaajabu mpaka atambue kuwa wanaosimuliwa ni Wamarekani, na ibada zenyewe ni mswaki na daktari wa meno.

Lakini fadhila kubwa zaidi imo katika wanaokaa darasani: mama anayerudi masomoni baada ya kulea, askari aliyemaliza utumishi, mtoto wa wahamiaji wa Mexico, na kijana ambaye jamaa zake walihajiri kutoka Kongo na ambaye Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu anapotaja mahari, nasaba au mazishi, hawa wana la kujibu kutokana na waliyoyaishi, na nadharia hulazimika kusimama mbele ya mashahidi.

Njia ya kuvukia, walakini, yataka uangalifu. Sheria ya mwaka 2010 ilianzisha shahada ya miaka miwili ya kuhamia, na anthropolojia imo. Mwenye kuitimiza, kwa krediti 60, hudhaminiwa nafasi katika vyuo vikuu vya jimbo, ila si lazima katika chuo akipendacho. Chuo Kikuu cha California kina utaratibu wake, na dhamana yake ya kupokea wanafunzi wanaohamia haizihusu Berkeley, Los Angeles wala San Diego. Kwa hiyo ni faradhi kwa mwanafunzi kumwendea mshauri wa masomo tangu muhula wa kwanza, akiwa na orodha ya masomo yanayotambuliwa na chuo anachokikusudia.

Tena liko pengo ambalo shahada hailionyeshi. Afikapo mwaka wa tatu, mwanafunzi aliyehamia huketi na wenzake waliokwisha kuzoea mabishano ya nadharia na insha ndefu, hali yeye amesoma muhtasari wa vitabu zaidi kuliko vitabu vyenyewe. Ombi langu kwa walimu waliohudhuria ni kwamba kila mwanafunzi wa mwaka wa pili apewe kitabu kimoja kizima cha utafiti wa jamii, akisome mpaka mwisho, kisha aende sokoni, msikitini au kanisani mwa mji wake, aangalie, aulize kwa adabu, na kuandika aliyoyaona.