Wiki ya Tatu Ndiyo ya Hatari

Najua wapo watakaobadilisha stesheni wakisikia kwamba leo nazungumzia goti la mbwa. Wasubiri kidogo.

Hapa Nairobi, ukienda KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichopo tangu 1910, unaweza kurudi nyumbani na mbwa aliyeokotwa barabarani. Usichopewa ni historia yake. Kama aliwahi kugongwa na bodaboda, kama alishinda njaa utotoni, hakuna ajuaye. Kisha siku moja anaanza kuchechemea mguu wa nyuma. Akikaa anautupa pembeni badala ya kuukunja. Mwenyewe unatafuta mwiba, huuoni.

Mara nyingi tatizo ni kano ya goti, ile ile inayowatoa wachezaji wa soka uwanjani kwa machela. Ila mchezaji huikata kwa kishindo kimoja. Mbwa huichakaza pole pole, hadi siku anaporuka mtaro ikakatika. Umbile lake linachangia. Sehemu ya juu ya mfupa wa muundi imeinama kuelekea nyuma, kwa hiyo kila anapokanyaga, fupa la paja linataka kuteleza, na kano ndiyo inayolizuia.

Mwaka 1993, Barclay Slocum, daktari wa mifugo wa Oregon, Marekani, alieleza upasuaji usiojaribu kuirudisha kano hiyo. Mfupa unakatwa juu, unazungushwa mpaka mteremko ukaribie kuisha, kisha unafungwa kwa bamba la chuma na skrubu. Kwa mbwa wadogo bado hutumika njia ya zamani zaidi: uzi mnene wa nailoni, jamaa wa ule wa wavuvi, unaopitishwa nje ya kiungo.

Upasuaji huo wa kukata mfupa ukiharibika, mara nyingi haukuharibikia mezani kwa daktari. Umeharibikia nyumbani, na wakati wa kuogopa ni kuanzia wiki ya tatu. Siku za kwanza kila mtu ana huruma: mbwa amelala, watoto wananong'ona, barafu imefungwa kitambaa na kuwekwa gotini. Baada ya siku 10 hadi 14 nyuzi zinatolewa. Mbwa anakanyaga, anatikisa mkia, anakutazama kama mfungwa aliyemaliza kifungo. Nyumba nzima inaamini amepona, naye anaamini hivyo hivyo. Mfupa haujaunga. Unahitaji wiki 8 hivi, wakati mwingine 12, na ni picha ya eksirei itakayosema uko tayari, si mkia.

Kwa hiyo hakuna kukimbia, hakuna kuruka kwenye kochi, hakuna ngazi. Anatoka nje akiwa na kamba shingoni, dakika 5 mwanzoni, kisha mnaongeza kidogo kidogo kadiri daktari atakavyoelekeza. Mpitishie leso chini ya tumbo umshikilie nyuma asiyumbe. Sakafu ya vigae itandike mikeka au magunia, maana kuteleza mara moja kunatosha kuharibu kazi yote.

Muda mwingine anakaa kwenye kizimba au chumba kidogo. Hapo mbwa wa kuokotwa ana shida yake. Huenda mara ya mwisho kufungiwa alikuwa ametoka kukamatwa. Ukimfungia kwa ghafla akiwa na kidonda, atabweka na kukwangua usiku kucha. Mzoeshe kabla ya upasuaji: mwekee chakula humo, mlango ukiwa wazi, mpaka aingie mwenyewe.

Halafu kuna geti. Katika nyumba zetu nyingi, saa moja jioni mbwa wanafunguliwa walinde boma. Umemwambia soja? Umemwambia dada anayefua nyuma ya nyumba, na shemeji aliyekuja juzi kutoka kijijini? Mtu mmoja tu asiyejua akifungua kizimba paka akiwa anapita, bamba linaweza kulegea. Bandika karatasi mlangoni.

Dawa nazo usizitoe kwenye droo yako. Ibuprofen na diclofenac tunazonunua dukani kwa maumivu ya mgongo zinaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Mpe alichoandikiwa na daktari wake. Akitapika au akipata choo cheusi, simamisha dawa na umpigie daktari.

Najua swali linalokuja: watu wanakosa pesa za hospitali, wewe unatengeneza goti la mbwa? Halina jibu jepesi. Lakini aliyemtoa mbwa barabarani alichukua mzigo kwa hiari yake, na mzigo huo hauishi mnyama anapoumia. Pesa zikikosekana, mwambie daktari wazi. Mbwa mdogo, chini ya kilo 15 hivi, mara nyingi hupata nafuu kwa mapumziko na kupunguza uzito.

Uzito wenyewe haungojwi. Karibu nusu ya mbwa waliokatika kano hii huja kuumia goti la pili, mara nyingi katika miaka miwili, na mafuta huongeza mzigo juu ya magoti yote. Basi punguza ugali na mabaki ya nyama wakati huu anapokaa bila mazoezi. Na ukiona mbwa aliyekuwa ameanza kukanyaga ameuinua mguu tena, usingoje Jumatatu. Mpeleke siku hiyo hiyo.