Nyumba ya Fahari Katika Nchi ya Upepo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Singida)



Swali tulilopewa ni hili: mtumishi aliyeweka akiba miaka mingi, naye sasa ataka kujijengea nyumba kubwa ya heshima, achague mtindo gani? Huenda mmoja wenu akasema moyoni kwamba hayo ni mambo ya matajiri. Sivyo. Tajiri akikosea hujenga ya pili. Karani akikosea hukaa ndani ya kosa lake maisha yake yote, kisha huwarithisha watoto.

Wala hatusemi haya kwa kusikia. Tulipopata kiinua mgongo chetu tuliona picha ya nyumba katika kitabu cha ng'ambo. Paa lake lilikuwa refu, lenye pembe nyingi, na madirisha ya vioo yalianzia karibu na sakafu yakafika darini. Hatukuuliza nyumba ile ilisimama katika nchi gani. Tukaelekeza uso wake magharibi, ili wapitao barabarani waione. Mwaka wa kwanza jua la alasiri liliwafukuza wageni sebuleni, wakahamia chini ya mti. Mwaka wa pili upepo uliyainua mabati ya upande mmoja ukayatupa shambani kwa jirani. Fedha tulizoziweka kwa masomo ya mtoto wetu wa mwisho zikaishia katika paa, na mtoto akakaa nyumbani mwaka mzima. Fahari ile tulilipia kwa mwaka wa mtoto, na hatupendi mwanachama mwingine alipe hivyo.

Basi tuanze na nchi yenyewe. Mji wetu uko juu, kiasi cha mita 1,500 toka usawa wa bahari, kati ya maziwa ya Singidani na Kindai, na majabali yametuzunguka pande zote. Masika yetu ni mamoja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili, na mvua ya mwaka kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 800. Kiangazi ni kirefu. Mchana jua ni kali, na usiku wa Juni na Julai ni baridi. Zaidi ya yote kuna upepo, ambao wataalamu wameupima kwa nia ya kuugeuza kuwa umeme. Mtindo wowote usioyajibu mambo hayo manne, yaani jua, baridi, upepo na uchache wa maji, si mtindo wa hapa, hata ukiwa mzuri namna gani.

Wa kwanza ni tembe, nyumba ya wazee wetu Wanyaturu na jirani zao Wagogo. Nguzo zake ni za miti, kuta zake udongo, na paa lake ni bapa, la miti na matawi yaliyofunikwa udongo. Nyumba hukaa chini chini, upepo ukapita juu yake. Udongo mnene hupokea joto la mchana polepole, na usiku huwarudishia waliolala. Ua huwa katikati, wenye kivuli na faragha. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa vijijini, tembe nyingi ziliachwa, na tangu hapo wengi wetu tumezoea kuliita tembe nyumba ya umaskini. Lakini pale Kwihara, karibu na Tabora, liko tembe kubwa ambamo Stanley alikaa mwaka 1871 na Livingstone mwaka 1872; nani aliyeliona akasema halina heshima? Kasoro yake twaijua: mvua ikiendelea siku nyingi paa huvuja, na mchwa hula miti.

Wa pili ni nyumba ya mawe ya pwani, yenye mlango wa nakshi na baraza ya kuketi wageni. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko ni fupi. Tukiiga wembamba huo hapa, ambapo hakuna mikoko, tutakuwa tumeiga shida wala si uzuri. Baraza na mlango vyafaa kuigwa. Tena tukumbuke Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883: Desemba 2020 sehemu yake ilianguka. Hata jumba la mfalme halisimami bila kutunzwa. Asiye na fedha za kutunza asijenge ghorofa.

Wa tatu ni nyumba yenye veranda iliyozunguka, ambayo Waingereza waliiga Bengali huko Bara Hindi wakaieneza katika makoloni yao. Veranda yake huzuia jua lisipige ukuta. Paa lake la migongo minne hushindana na upepo vizuri kuliko paa lenye pembetatu za ukuta pande mbili.

Sasa tutoe shauri letu. Usichague mtindo mmoja na kuukataa mwingine, bali ukiulize kila kimoja kina dawa gani. Toka tembe twaa ua wa katikati, kuta nene na kimo cha chini. Toka pwani twaa baraza na mlango, maana hapo ndipo fahari yaonekana kwa gharama ndogo. Toka nyumba ya veranda twaa paa la migongo minne. Kenchi zifungwe ukutani kwa vyuma, na paa la veranda liwe mbali na paa kubwa, ili upepo ukiling'oa lisiondoke na jingine. Msingi uwe wa mawe ya majabali yetu. Pande ndefu zielekee kaskazini na kusini, kwa kuwa jua letu hupita karibu na utosi na kuumiza mashariki na magharibi.

Kwa nini mabati wala si udongo? Ni kwa sababu ya maji. Paa la mita 200 za mraba, mvua ikiwa milimita 600, hupokea lita 120,000 kwa mwaka. Hata sehemu ikipotea, mwenye mifereji na tangi ana utajiri ambao madirisha ya vioo hayawezi kumpa.

Mwisho, kabla hujampa fundi hata senti moja, nenda kiwanjani siku moja ya Agosti. Simika mti wenye kitambaa, ukae toka asubuhi hata usiku. Tazama kitambaa chaelekea wapi, na kivuli chahamia wapi. Sisi tungalifanya hivyo, mtoto wetu asingalipoteza mwaka.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.