Wafu Wasio na Kaburi: Jina, Wali na Kunguru wa Buxton



Kuna hoja niliyochoka kuisikia katika semina zetu: kwamba Mhindu wa Mombasa hana mizizi hapa kwa kuwa maiti wake huchomwa na majivu yakatiwa majini. Asiye na kaburi, wanasema, hana wahenga wa kuwazuru. Mambo ya karma na kuzaliwa upya mnayajua, nayapita. Hoja hii ya kaburi siipiti.

Nani alisema mfu hukaa udongoni? Fungueni sura ya kwanza ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Shujaa Arjuna yu katikati ya majeshi mawili, upinde unamponyoka mkononi, anaeleza kwa nini hataki kuwaua jamaa zake. Ukoo ukiangamia, asema, wahenga wataanguka kwa kukosa pinda na maji. Pinda ni donge la wali tu. Nimeisoma sura hiyo miaka mingi na kila mara hapo husimama: shujaa anawaza nani atawalisha marehemu! Kaburi halimo kabisa katika hofu yake.

Ndiyo maana kila mwaka, katika nusu ya mwezi yenye giza kabla ya sikukuu ya Navratri, jamaa hufanya shradha, ibada ya kuwalisha wahenga. Marehemu hukumbukwa kwa tarehe ya mwezi aliyofariki. Ambaye tarehe yake haijulikani huwekewa siku ya mwisho, mwezi usipoonekana. Hutajwa majina ya vizazi vitatu: baba, babu, na baba wa babu. Kwetu Waafrika nako, mwanafalsafa Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha 1969, aliwaita wanaokumbukwa kwa majina wafu walio hai, akawaweka katika Sasa. Waliosahauliwa huzama katika Zamani. Maneno hayo ni ya Kiswahili chetu, na jambo ni lile lile la shradha.

Utotoni katika mtaa wa Buxton, hapa Mombasa, bibi jirani wa Kigujarati, tuliyemwita Ba, aliweka mikate ya puri na dudhpak, wali wa maziwa matamu, juu ya ukuta siku za shradha ili kunguru wale kwa niaba ya marehemu wake. Sisi tukawalenga kwa manati. Hakutukemea. Alisema, "Wanangu, huyo ni mgeni wangu." Kunguru huyo naye ana asili ya India: aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akaonekana Mombasa mwaka 1947. 

Nakiri kaburi lina faida moja: humkumbusha hata mpita njia. Jina hutegemea mdomo, na vijana wengi wa jamii ya Kihindu wamehamia ng'ambo. Nyumba za zamani za Buxton zimebomolewa. Hata hivyo sibadili kauli: mfu huishi katika jina lake.

Basi nawaomba, wanafunzi wangu: chukueni madaftari mwaende kwa wazee wa Kihindu waliobaki kisiwani Mombasa, mwandike majina ya vizazi hivyo vitatu, pamoja na tarehe za mwezi walizofariki, kabla shradha ijayo haijafika.