Mpaka wa Kibanja Hauulizi Kabila

Wasikilizaji wa Rugera, Nyaishozi, Nkwenda hadi Murongo, nisikilizeni. Mama, najua uko jikoni unamenya ndizi. Baba unayejiandaa kwenda kunywa rubisi, subiri kidogo, leo nasema nawe hasa.

Watu wetu wakigombana, neno ni lile lile: "Huyo Mnyarwanda!" Ng'ombe kaingia kwenye maharage, Mnyarwanda. Kakushinda uchaguzi wa kitongoji, si raia. Yupo mjane mmoja, arobaini ya mumewe haijaisha, mashemeji wakang'oa miramura, mimea ya mpaka, usiku na kuipanda upya ndani ya kibanja chake. Mikahawa iliyoanza kuiva ikaangukia upande wao. Alipolalamika, mpaka hawakuuzungumzia kabisa. Walisema mama yake alitoka ng'ambo ya mto Kagera. Miaka yote aliyowapikia, ng'ambo hiyo hawakuijua?

Na mto Kagera kuwa mpaka wetu na Rwanda, hayo walipanga Waingereza na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Watu walikuwa wakioana huku na huku zamani sana kabla yao.

Mmeshasahau 2013? Julai Rais Kikwete aliagiza wahamiaji wasio na vibali waondoke, Septemba ikaja Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa kwa nguvu. Familia zilitenganishwa, na wapo Watanzania waliosukumwa nje ya nchi yao. Siku kama zile, kidole cha jirani mwenye kinyongo kinatosha kumtoa mtu kwake. Halafu bado unalitamka neno hilo "Mnyarwanda" kilabuni na watu wanacheka!

Utaniambia wahamiaji haramu wapo kweli. Wapo, na Idara ya Uhamiaji ipo. Uraia unaamuliwa kwa Sheria ya Uraia ya 1995, hauamuliwi kwa urefu wa pua. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kumbagua mtu kwa kabila au mahali alipotokea. Nanyi walimu, mkisikia neno hilo darasani, kemeeni hapo hapo. Mtoto kalitoa nyumbani.

Ugomvi ukiwa wa mpaka, nendeni baraza la ardhi la kijiji, wazee wanaoujua mpaka waulizwe mbele ya wote. Nawe mwenyekiti wa kitongoji, akija mtu na kesi ya shamba akaanza kukutajia kabila la jirani yake, mkatize. Mwulize shamba linaanzia wapi na linaishia wapi. Akishindwa kujibu, hana kesi.