Maneno Tunayotumia kwa Magonjwa ya Ubongo na Mishipa ya Fahamu

Hotuba ya Idara ya Afya kwa wajumbe wa kamati za afya za parokia na wageni wafadhili



Tumeombwa tuzungumze juu ya magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Pengine wengi mlitarajia tuanze na dawa, au upungufu wa madaktari. Tumeona tuanze na maneno. Sababu ni kwamba katika kutembelea vigango tumeona jinsi jina ambalo familia inaupa ugonjwa linavyoamua mgonjwa apelekwe wapi kwanza. Mtoto akisemwa ana homa, anafikishwa zahanati siku ile ile. Akisemwa ana degedege, mara nyingi anapitishwa kwingine kwanza, na saa zinazopotea hapo ndizo zenye uhai wake.

Tuchukue kwanza neno "mshipa". Katika Kiswahili chetu cha kila siku mshipa ni ule wa damu, ni ule wa fahamu, ni ngiri, na wapo wanaoita hivyo hata kano zinazoshika msuli na mfupa. Mgonjwa anapomwambia tabibu kwamba mishipa inamvuta, hajamwambia kitu mpaka aulizwe tena. Vitabu vya shule vinatumia neno "neva", nalo ni zuri darasani. Sisi kijijini tunapendelea "mishipa ya fahamu", maana jina hilo linajieleza lenyewe: ni mishipa inayopeleka habari, haipeleki damu. Ubongo unatoa amri, uti wa mgongo unaipitisha, mishipa ya fahamu inaifikisha mkononi au mguuni, na habari za maumivu na joto zinarudi kwa njia hiyo hiyo. Tukiwaeleza watu kwa mfano wa nyaya za simu wanaelewa upesi.

Mfano huo unasaidia hata kwa ugonjwa ambao wengi hawajui kuwa ni wa mishipa ya fahamu, yaani ukoma. Watu wanadhani ukoma unakula vidole. La hasha. Vijidudu vyake vinaharibu mishipa ya fahamu, ngozi inakufa ganzi, na mtu anajichoma na kujikata bila kuhisi mpaka vidonda vinamlemaza. Ndiyo maana tunawaambia wanakamati: baka kwenye ngozi lisilosikia mguso wa pamba lisisubiri. Dawa ni za miezi 6 au 12 na zinatolewa bure.

Sasa tuje kwenye kifafa, ambacho tutakaa nacho zaidi. Jina lenyewe ni zito. Masikio yetu yanasikia "kufa" ndani yake, na kweli mtu aliyeanguka anaonekana kama aliyekufa kisha akarudi. Kinachotokea ni hiki: ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo sana, na kwa mwenye kifafa umeme huo unalipuka kwa wingi mara moja, kama shoti kwenye nyumba. Ikiguswa sehemu ndogo ya ubongo, mtu anaweza kuduwaa tu au mkono mmoja ukacheza. Ukiguswa ubongo wote, anaanguka, anakakamaa na kutupatupa viungo. Shoti ikiisha, anasinzia na kuamka akiwa amechoka. Mate na povu lake haviambukizi mtu yeyote. Hili tunalirudia kila mahali, kwa sababu kwa hofu ya mate mgonjwa anaachwa amelala motoni, watu wamesimama wakitazama.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Wafadhili wetu, tunaomba hesabu hiyo muiangalie vizuri, maana dawa inayozungumzwa si ya ajabu. Fenobabito ilianza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, na bei yake bado ni ndogo ukilinganisha na dawa nyingi.

Hapa Tanzania tunao mfano wa kujivunia. Huko Mahenge, wilaya ya Ulanga, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alikuta mwanzoni mwa miaka ya 1960 wagonjwa wengi wa kifafa wanaoishi wametengwa, wenye makovu ya moto, wakila kwenye vyombo vyao peke yao. Alianzisha kliniki kwa ajili yao. Wagonjwa waliotumia dawa kwa uaminifu walipungua kuanguka, wakarudi shambani, na majirani walipoona hivyo wakaanza kuwaleta wengine. Aliwaona pia watoto waliokuwa wakiangusha kichwa mara kwa mara kama wanaosinzia, hali ambayo wenyeji walikuwa wameshaitambua na kuieleza kwa maneno ya kawaida kabisa: "amesinzia kichwa". Miaka mingi baadaye wataalamu waliandika juu ya hali hiyo hiyo kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, na leo inahusishwa na ugonjwa wa usubi. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba lugha ya kijijini haina cha kuifundisha hospitali.

Ndugu zetu, hapa lazima tuseme neno juu ya mahubiri. Habari ya kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini iko katika Mathayo 17, Marko 9 na Luka 9. Marko na Luka wanataja pepo. Mathayo, katika Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka, baba anasema mwanawe ana kifafa. Na neno la Kigiriki lililoko pale linatokana na mwezi, kwa kuwa watu wa kale walidhani mwezi ndio unaoleta ugonjwa huo. Kutokana na habari hii wahubiri wengi wamefundisha kwamba kila anayeanguka ana pepo. Lakini fungueni Mathayo 4, mstari wa 24. Mwinjili anawahesabu wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza, kila kundi kwa jina lake. Kama yote yangekuwa pepo, asingehitaji makundi matatu.

Hatusemi watu wasiombewe. Waombewe, na vidonge wameze. Tatizo letu ni pale mgonjwa anapotangaziwa kwamba amepona na kuambiwa atupe dawa siku hiyo hiyo. Kuacha dawa za kifafa ghafla kunaweza kuleta mfululizo wa kuanguka usiokatika, na mtu akafa nao. Tunawaomba Mapadre na viongozi wa vikundi vya maombi wasimwachishe mtu dawa. Kazi hiyo ni ya tabibu, tena hupunguza kidogo kidogo.

Linalotatanisha zaidi ni "kifafa cha mimba". Kwa jina ni kifafa, kwa asili si kifafa. Ni shinikizo la damu la ujauzito lililopita kiasi mpaka likagusa ubongo, na tiba yake ya haraka ni sindano ya magnesiamu salfeti pamoja na kumzalisha mama. Mama aliyepona hana kifafa. Hata hivyo wako wanawake waliorudishwa kwao kwa sababu ya neno hilo, mume akidai aliuziwa mgonjwa. Kwa upande mwingine, mwanamke mwenye kifafa halisi akipata mimba asiache dawa kwa kuogopa; aende kliniki mapema, ikiwezekana kabla ya kushika mimba, kwa sababu dawa moja iitwayo valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni na hubadilishwa.

Degedege. Wazee wa pwani wanalihusisha jina hili na ndege au mdudu wa usiku anayesemwa kumpitia mtoto. Kwa imani hiyo mtoto anafukizwa moshi, hata wa kinyesi cha tembo, na inasemwa kwamba akichomwa sindano atakufa. Mnaona hatari yake: mtoto mwenye homa na degedege huenda ana malaria kali iliyofika kwenye ubongo, na dawa inayoweza kumwokoa, artesuneti, hutolewa kwa sindano. Wanaopona wakiwa wamechelewa, baadhi hubaki na kifafa au ulemavu. Si kila degedege ni malaria. Homa yoyote kali inaweza kumtupa mtoto mdogo, na homa ya uti wa mgongo pia. (Hili nalo jina lina udanganyifu wake, maana ugonjwa huo unashika utando wa ubongo pamoja na wa uti wa mgongo, lakini mama akisikia "mgongo" anatazama mgongo, wakati shingo ya mtoto ndiyo imekakamaa.) Nyumbani mama hana jinsi ya kuzitofautisha, basi mtoto apelekwe.

Kiharusi nacho kinasingiziwa majini. Utafiti wa Hai na Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha wazi kwamba maelezo ya watu juu ya kiharusi yanachanganya presha, mapepo na uchawi, na tiba wanayoifuata inaendana na maelezo hayo. Kwa ufupi: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakikwama kwa ghafla, asikandwe nyumbani siku tatu. Presha ipimwe kabla, kanisani hata baada ya Misa, mashine mnazo.

Wapo wanaotushauri tuyafute majina haya ya zamani na kuweka mapya yaliyo safi. Hatukubaliani nao. Angalieni pepopunda: mna pepo ndani yake, na mna punda. Siku hizi mama mjamzito anapanga foleni ya chanjo ya pepopunda bila kufikiria pepo hata kidogo. Neno lilibaki, maana yake ikahama, kwa sababu wauguzi walieleza kwa miaka mingi kwamba vijidudu vinatoka kwenye udongo na kuingia kwa kitovu au kidonda. Tukileta bango lililoandikwa "matatizo ya mfumo wa neva", bibi atalipita akienda kumfukiza mjukuu wake degedege. Tumeyaona mabango ya namna hiyo, tena ya gharama kubwa, na wafadhili mtatusamehe kusema hivyo.

Liko jina moja tu ambalo tunataka litumike kwa uangalifu zaidi, nalo ni "mtindio wa ubongo". Katika taarifa za parokia limekuwa kapu. Humo anawekwa mtoto ambaye viungo vyake vimekaza kwa sababu ubongo uliumia wakati wa kuzaliwa, na akili yake pengine ni nzuri kabisa. Anawekwa mwenye usonji. Anawekwa kiziwi ambaye hajawahi kupimwa masikio. Anawekwa mwenye kichwa kikubwa. Taarifa ikifika kwa mfadhili inasomeka "watoto wa mtindio", vinaletwa viti vya magurudumu, na yule kiziwi anapewa kiti. Andikeni mtoto anaweza nini na hawezi nini: anakaa, hasemi, anageuka akiitwa, anashika kijiko. Hayo yatamfaa mtaalamu kuliko jina.

Kuhusu mgongo wazi na kichwa kikubwa tutasema machache. Mgongo wa mtoto hujifunga katika wiki nne za kwanza za mimba, mara nyingi kabla mama hajajua kuwa ni mjamzito, kwa hiyo vidonge vya foliki asidi vinavyoanzwa kliniki mwezi wa tano vimechelewa kwa jambo hili. Kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga zilitungwa hapa nchini mwaka 2011, lakini mahindi yanayosagwa kwenye mashine ndogo za kijijini mara nyingi hayaongezwi kitu. Mtoto ambaye kichwa kinakua kuliko mwili apelekwe mapema hospitali yenye upasuaji. Maji yakiendelea kujaa yanaubana ubongo.

Mwezi Mei 2022 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa miaka 2022 hadi 2031 juu ya kifafa na magonjwa mengine ya mishipa ya fahamu. Mipango ya Geneva inafika kigangoni polepole, nasi tusiisubiri. Tunaziomba kamati mambo mawili. La kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo iwe na mtu anayejua afanye nini mgonjwa anapoanguka: amwondoe kwenye moto na maji, amlaze ubavu, asimbane wala kumtia kijiko mdomoni, atazame saa, na ikipita dakika 5 atafute usafiri. La pili, katibu wa kamati ahesabu kila mwezi vidonge vya kifafa vilivyobaki zahanati na kutujulisha kabla havijaisha.

Kwenu wafadhili, ombi letu ni kwamba fedha za mabango zihamishiwe kwenye akiba ya dawa hizo na nauli za watu wanaozungumza na familia kwa lugha zao. Katika bajeti mtaona tumeandika "mazungumzo ya jumuiya", na mtu asidhani ni posho za vikao.

Fomu mpya za kuorodhesha watoto, zile zisizo na safu ya "mtindio", ziko mezani karibu na mlango. Kila parokia ichukue 20, na makatibu wazirudishe pamoja na taarifa ya robo mwaka ijayo.